Tulivyousoma Ugonjwa wa Paka wa Kanyenye

Siku niliyobeba kinyesi cha paka ndani ya basi kutoka Igunga, abiria aliyekaa pembeni yangu aliniomba nimuuzie samaki. Alikuwa ameona boksi la baridi magotini mwangu, na namna nilivyolikumbatia kila basi liliporuka tuta, akajua humo mna sato wa Mwanza.

"Mama, hata wawili tu," akasema.

Nikamwambia si samaki.

"Basi ni nini?"

"Kinyesi cha paka."

Alicheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. Kabla hatujafika Nzega alikuwa amehamia kiti cha nyuma kabisa, na mimi nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi za maabara, jizoezeni mambo ya namna hiyo. Kazi yetu haina harufu nzuri na si rahisi kumweleza mkwe. Mimi naitwa Zainabu. Nimestaafu sasa, ila miaka yangu ya kazi yote niliimalizia katika maabara ya mifugo hapa Tabora, nikipima damu ya ng'ombe, mavi ya mbuzi na ini la kuku. Mengi yamenitoka kichwani. Habari ya paka wa Kanyenye haijanitoka, kwa sababu ya watu niliowaona ndani yake.

Ilianza na Bi Hidaya. Huyu ni mama wa makamo ya kuitwa bibi, anauza mchele pale Kanyenye, duka mbele na stoo nyuma. Mtaa ule kila mwenye nafaka ana paka, maana bila paka panya wanakula gunia kuanzia chini na wewe unauza juu hujui kitu. Asubuhi moja alikuja maabara amepakata kitu ndani ya kanga. Akakiweka juu ya meza yangu, akafunua. Paka dume, mkubwa, wa rangi ya kijivu, amekufa.

"Si huyu tu," akasema. "Paka wa mtaa mzima wanakwisha. Wanatapika, wanaharisha, wanalala karibu na maji lakini hawanywi, kesho yake wamekufa. Nataka mniandikie kwamba ni sumu. Na aliyeweka namjua."

Aliyemjua ni Mzee Hemedi, mwenye duka la pembejeo linalotazamana na lake. Mzee Hemedi anauza mbegu, dawa za mimea, na sumu ya panya. Hesabu ya Bi Hidaya ilikuwa rahisi: paka wakiwapo, sumu ya panya hainunuliki, kwa hiyo muuza sumu ameua paka. Mtaa ulikuwa umeshaikubali hesabu hiyo. Watu waliacha kuingia dukani kwake. Kuna aliyemtupia paka aliyekufa mlangoni, na kuna aliyeandika kwa mkaa kwenye mlango neno MUUAJI. Mtu mwenye wajukuu, anayeswali na majirani zake safu moja, anaamka anafuta mkaa mlangoni mwake.

Wakati huo tulikuwa na daktari wa mifugo, binti bado kijana, Dokta Kulwa. Amezaliwa kwa wafugaji wa upande wa Nzega, akasoma akafika mbali, halafu akaletwa kwetu na mradi wa kuchunguza ugonjwa wa mbuzi. Alikuja na mashine ya kusoma vinasaba ambayo mara ya kwanza kuiona nilidhani ni rimoti ya televisheni. Nilikuwa nimezoea mashine zinazobebwa na wanaume wanne. Hii aliitoa mfukoni.

Nilitegemea Dokta Kulwa amwambie Bi Hidaya kwamba sisi ni watu wa mbuzi. Hakusema hivyo. Alivuta kiti, akakaa usawa wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

Bi Hidaya aliinua uso. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Sultani," akasema, na machozi yakamtoka.

"Bibi, ili tujue kilichomuua Sultani lazima tumpasue. Ukikataa nitaelewa."

Bi Hidaya alimshika paka sikio kwa vidole viwili, akalisugua kidogo. "Mpasueni. Lakini mkimaliza mnishonee vizuri, nikamzike."

Nilimshona mwenyewe, kwa uzi mwembamba na mishono ya karibu karibu, kama nashona shati la mwanangu. Lakini kabla ya hapo tulitazama ndani. Sumu ya panya inayouzwa madukani kwetu huzuia damu isigande. Mnyama aliyeila mara nyingi unakuta damu imevuja kifuani au tumboni. Kwa Sultani hakukuwa na hiyo. Utumbo ndio ulikuwa umeharibika, mwekundu, umevimba, ngozi yake ya ndani inatoka vipande vipande.

Mchana tulipata paka wa jirani aliyekuwa mgonjwa, bado hai, nikamtoa damu. Sitawaficha, alinikwaruza mpaka leo alama ninayo. Paka mgonjwa usimshike kwa nguvu, mviringishe kwenye taulo kama mtoto mchanga, mguu mmoja tu ubaki nje. Nikaweka tone la damu kwenye kioo, na pembeni yake nikaweka damu ya paka mzima. Hilo nilifundishwa na mzee Malale, aliyenipokea kazini nikiwa msichana. Yeye hakukubali hata siku moja utazame damu ya mgonjwa peke yake. Ukimpelekea kioo kimoja alikuwa anakuuliza, "Mwenzake yuko wapi?" na anaendelea kunywa chai mpaka umlete mwenzake. Tulimnung'unikia sana. Siku ile nilimshukuru kaburini aliko, maana chini ya hadubini damu ya paka mzima ilikuwa na seli nyeupe kama kawaida, na ya mgonjwa nilisogeza kioo huku na huku, nikatafuta, karibu sikuona kitu. Askari wa mwili wote wameondoka.

Dokta Kulwa aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Hiki ni kirusi, Mama Zainabu," akasema. "Sumu ya dukani haifanyi hivi."

Akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa kumwambia. Tulidhani mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mzee Hemedi alikuwa na mbwa wawili wa kulinda stoo, na mmoja wao alikuwa anaharisha. Na mtaani kuna watu wanaojua kutafuta habari kwenye simu. Walisoma kwamba mbwa nao wana kirusi cha namna hiyo, wakafika na jibu lao: kama si sumu ya Hemedi, basi ni mbwa wa Hemedi. Vijana wakaanza kusema mbwa wale wauawe, na wengine wakasema duka lenyewe lichomwe, tusafishe mtaa. Mzee Hemedi akawafungia mbwa ndani, na yeye akalala humo humo nao.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule binti kwa namna ambayo sikuwa nimemheshimu mtu mwenye umri wake. Angeweza kusema tu kwamba mbwa hawahusiki. Watu wangemwamini, ni daktari. Nilimshauri hivyo.

"Siwezi, mama," akanijibu. "Virusi hivi viwili ni ndugu wa karibu sana. Cha mbwa wakati mwingine humwingia paka kweli. Nikiwaambia sicho, halafu kikawa ndicho, paka wataendelea kufa na mimi nitakuwa nimewazuia watu wasitafute chanzo."

"Sasa utajuaje?"

"Tukisome."

Acheni niwaeleze kwa lugha yetu. Kirusi kina maandishi ndani yake, na maandishi hayo yana herufi nne tu zinazopangwa kwa mfuatano wake. Hiki cha paka ni kifupi, herufi kama elfu tano hivi. Mbuzi anazo kwa mabilioni. Cha paka na cha mbwa vinafanana karibu maandishi yote, isipokuwa sehemu chache ambapo herufi zimebadilika. Mashine inavuta uzi wa vinasaba kupitia kitundu kidogo kuliko unachoweza kufikiria, na kila herufi ikipita umeme unatikisika kwa namna yake. Kompyuta inasoma ule mtikisiko. Nilifanya kazi ya maabara maisha yangu yote nikitafuta vidudu kwa macho, na hapa kidudu kinajitaja chenyewe.

Vitundu vile vimo kwenye kichipu, na kichipu kinataka baridi. Tulikuwa navyo viwili. Cha kwanza tulipokipima tulikuta vitundu vyake vingi vimekufa. Kilikaa kwenye joto njiani, pengine ndani ya gari, nani ajuaye. Kilichobaki kilikuwa cha mbuzi. Dokta Kulwa akampigia simu mkuu wa mradi nikiwa nimesimama pale pale.

"Paka?" nilisikia sauti ikisema kwenye simu. "Kulwa, mradi ni wa mbuzi."

"Najua, mzee. Lakini hapa kuna mtu anaweza kuchomewa duka akiwa ndani."

Sauti ikajibu: "Tumia. Mbuzi nitawatafutia kingine."

Baada ya kukata simu alikaa kitako. Nikamletea chai.

Akaniambia kwamba kusoma kirusi cha Kanyenye peke yake hakutoshi. Tupate na paka wa kwingine tulinganishe. Mzee Malale angempenda binti huyu. Afisa mifugo wa Igalula alituma sampuli ya paka wa karibu na kituo cha reli, ikaja na treni. Na kwa kuwa tulikuwa tumesikia Igunga nako paka walikufa, mimi nikafunga safari.

Igunga nilikwenda penye mashine za kukoboa mpunga. Mwenye mashine nilimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akafurahi, akaniletea kiti.

"Paka?" akasema. "Walikufa mapema hapa, mama, tukadhani ni joto. Sasa wameanza tena wachache, yule pale kwenye pumba anaumwa. Paka waliobaki walizaa sana, watoto tukawagawa. Kuna mama mmoja wa Tabora alikuja kununua mchele, akachukua kikapu kizima akapanda nacho kwenye lori. Alisema anawapelekea majirani, wamezidiwa na panya."

Nikamuuliza mama huyo yukoje. Akanieleza: mrefu, mcheshi, jino la mbele lina pengo, na jinsi anavyoonja mchele mbichi kwa kuutafuna. Nikawa nimemjua kabla hajamaliza. Nikachota kinyesi cha yule paka wa kwenye pumba, nikakifunga ndani ya boksi la baridi, nikaenda kupanda basi.

Kwa hiyo yule abiria aliyetaka samaki alikaa pembeni ya mwanamke ambaye mawazo yake yalikuwa mbali. Nilikuwa namwona Bi Hidaya na kikapu chake, anapita duka kwa duka, anagawa vitoto vya paka kwa moyo mweupe.

Nilipomweleza Dokta Kulwa, hakukurupuka. "Tusome kwanza," akasema.

Siku ya kupakia sampuli alizima feni, maana hakutaka hata karatasi ipeperuke. Kichipu kile ukikiingizia kiputo kimoja cha hewa, vitundu vinavyoguswa vinakufa na havirudi. Tazama anavyofanya: hafinyi pipeti mpaka mwisho, anaacha tone dogo libaki ndani, kwa sababu ukilazimisha tone la mwisho hewa inafuata. Na anadondosha taratibu, tone, anangoja linywewe, tone jingine. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo jenereta ilikuwa inanguruma nje tangu mapema. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu, nikamfuta kwa kitambaa bila yeye kuinua macho. Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, wa kushona, wa useremala, wa kuchinja. Mikono tulivu kama ile sijaiona tena.

Herufi zilipoanza kuingia kwenye kioo cha kompyuta nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Majibu yalikuja yakiwa wazi. Kilikuwa kirusi cha paka, si cha mbwa. Kila mahali ambapo ndugu hawa wawili hutofautiana, chetu kilisimama upande wa paka. Yule mbwa mgonjwa wa Mzee Hemedi tulimpima naye, hakuwa nacho kabisa. Alikuwa na minyoo tu, tukampa dawa. Na kirusi cha Igunga na cha Kanyenye vilifanana herufi kwa herufi. Cha Igalula, ambako ni karibu zaidi, kilikuwa na tofauti zake.

Mimi nilitaka kukimbia Kanyenye papo hapo. Dokta Kulwa alibaki anatazama kioo.

"Mzee Hemedi amepona," akasema. "Sasa Bi Hidaya tumfanyeje? Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Nikisoma majibu mbele za watu, mkaa uliokuwa mlangoni kwa Hemedi utahamia kwake."

Tukaenda kwake, sisi wawili tu, tukaomba kuongea ndani. Dokta Kulwa alimweleza pole pole, hakupunguza wala hakuongeza.

"Bibi, maandishi ya kirusi yanasema paka wa Igunga na wa hapa wanaumwa ugonjwa wa ukoo mmoja. Hayasemi nani alikileta. Hilo tumelijua kwa kuuliza tu. Wewe ulileta watoto wa paka, na miongoni mwao alikuwapo anayekibeba. Hakuna dalili ungeiona. Hata mimi nisingeiona."

Bi Hidaya alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mikono yake iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndiye nimemuua Sultani?"

"Kirusi ndicho kilichomuua, bibi."

"Na Hemedi nikamsema." Akaweka ungo chini. "Nikamsema sokoni, nikamsema msibani, nikamsema kwa watoto wake."

"Sitataja jina lako kwenye mkutano," Dokta Kulwa akamwambia. "Nitasema ugonjwa umekuja na paka waliosafirishwa. Inatosha, na ni kweli."

Tulimwacha amekaa.

Jumapili ofisi ya mtaa ilijaa mpaka uani. Mzee Hemedi alikaa nyuma peke yake, viti vya pembeni yake vitupu. Dokta Kulwa alieleza kama alivyoahidi: si sumu, si mbwa, ni ugonjwa wa paka wenyewe uliosafiri na paka. Binadamu haumpati. Chanjo ipo, na maandishi ya kirusi yanaonyesha inapaswa kufanya kazi. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Kijana mmoja akasimama.

"Waliosafirishwa na nani? Tumjue."

Dokta Kulwa akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, Bi Hidaya alikuwa amesimama mbele kabisa, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Na mimi," akasema. "Watoto wa paka wa Igunga nimewaleta mimi, nusu yenu mmewapokea kutoka mikononi mwangu. Ugonjwa sikuujua, Mungu ni shahidi. Lakini Hemedi nilimtuhumu bila kujua kitu, na hilo nililifanya kwa akili yangu timamu. Daktari alitaka kunificha. Sitaki kufichwa wakati mwenzangu alianikwa." Akageuka, akamtafuta Mzee Hemedi kule nyuma. "Hemedi, nisamehe. Nakuomba hapa hapa nilipokuharibia jina."

Wanangu, nimeona watu wakipewa vyeti na kupigiwa makofi. Sijaona kitu kikubwa kuliko yule mama aliyesimama kwa hiari yake mahali ambapo palikuwa na mlango wa kutokea.

Mzee Hemedi akasimama, akajikohoza.

"Dada Hidaya," akasema, "miaka yote hii nauza sumu ya panya, na wewe unaleta paka. Yaani umenipunguzia wateja kwa mara mbili."

Kicheko kilianzia mbele kikafika uani. Alipopata nafasi akaongeza kwa sauti ya chini, "Nimekusamehe. Niliumia, lakini nimekusamehe."

Chanjo zilikuja kutoka Dar kwenye boksi la barafu. Paka walikuja kwenye vikapu, kwenye viroba, mmoja kwenye begi la shule, na mmoja ndani ya sufuria iliyofungwa mfuniko kwa kamba, nikamgombeza mwenye sufuria mpaka nikakauka koo. Kabla ya kuingiza paka mpya, Dokta Kulwa alisema kila stoo ioshwe. Shikeni na hili: kirusi kile kinaweza kukaa sakafuni mwaka mzima, sabuni peke yake hakiiogopi. Toa uchafu kwanza, piga maji na sabuni, halafu jiki iliyochanganywa na maji, kikombe cha chai kwa ndoo ndogo, uiache sakafu ibaki imelowa kabla ya kufuta. Na jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote.

Nilipita kwa Bi Hidaya siku ya kuosha. Magunia yalikuwa yametolewa nje yote. Ndani nilimkuta yeye na Mzee Hemedi, suruali imekunjwa magotini, kila mtu na brashi yake, wanagombana juu ya ndoo.

"Hiyo jiki umezidisha, dada. Itakuunguza miguu."

"Wewe muuza sumu unaogopa jiki?"

Mzee Hemedi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Watu wa mtaa walikuwa wamesimama barazani, wanatazama tu, kama hawajui kama wanaruhusiwa. Kisha mmoja wao akavua viatu, akaviacha mlangoni, akaingia akiuliza brashi nyingine iko wapi.